Herufi za Kichina Juu ya Ngozi ya Mwanadamu

Katika dola za kale za Uchina, kuandikwa usoni kulikuwa adhabu. Mhalifu alichanjwa kwenye paji la uso, jeraha likatiwa wino mweusi, na tangu siku ile kila aliyekutana naye, awe kadhi au mpita njia, alijua kwamba huyu ni mtu aliyehukumiwa. Na kwa kuwa wafuasi wa Confucius walifundisha kwamba mwili, pamoja na nywele na ngozi yake, ni amana ambayo mtu ameipokea kwa wazazi wake na haijuzu kuiharibu, aibu ile haikumpata yeye peke yake bali iliwafikia na waliomzaa. Mfalme Wen wa nasaba ya Han aliifuta adhabu hiyo mwaka 167 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, walakini ilirudi katika zama zilizofuata, na chini ya nasaba ya Song hata askari walichanjwa alama usoni ili wasipate kutoroka.

Jemadari Di Qing, aliyepanda kutoka uaskari wa chini hadi vyeo vikuu, aliambiwa na mfalme atumie dawa aiondoe alama yake. Akakataa, akitaka askari waione na wajue kwamba mtu wa daraja yao aweza kufika alipofika yeye. Karne moja baadaye Jemadari Yue Fei, aliposhtakiwa kwa khiyana, aliipasua nguo yake mbele ya aliyemhoji, akamwonyesha mgongo uliochanjwa herufi nne za kuahidi kuitumikia nchi kwa uaminifu wote. Hadithi za baadaye husimulia kwamba aliyemchanja ni mama yake. Mhoji alizisoma, akasadiki kwamba mtu yule hana hatia. Hata hivyo Yue Fei aliuawa mwaka 1142.

Nayakumbusha haya kwa sababu maandishi yote hayo, ya fedheha na ya fahari, yalikuwa na msomaji. Mfano mzito kuliko yote ni wa zama zilizo karibu nasi. Wakati wa vita vya Korea, katika kambi za kisiwa cha Koje, wafungwa wa Kichina walichanjwa mikononi na vifuani maneno ya kuulaani ukomunisti, baadhi yao kwa hiari, wengine wakiwa wameshikwa kwa nguvu na wafungwa wenzao. Na mtu aliyekwisha kuandikwa hivyo aliogopa kurudi kwao, maana huko kila jirani angeisoma hati ile. Mwezi wa Januari 1954 zaidi ya 14,000 walipelekwa Taiwan. Habari hiyo hunitia huzuni kila niikumbukapo, kwani walikuwamo walioacha jamaa zao bara, na serikali ya Taiwan haikuruhusu safari za kwenda kuwazuru hadi mwaka 1987.

Huko Magharibi herufi hizi zilishika njia nyingine. Samuel O'Reilly alisajili mjini New York, mwaka 1891, mashine ya umeme ya kuchora tatuu, na kazi iliyokuwa ya taabu ikawa nyepesi. Karne ya ishirini ilipokaribia kwisha, herufi za Kichina zikawa fasheni ya vijana. Allen Iverson, mcheza kikapu wa Marekani, anayo shingoni ile ya uaminifu, ambayo ni moja katika zile nne za mgongoni mwa Yue Fei. Wala siwalaumu waliozipenda: kila herufi hukaa katika mraba wake kama nakshi ya mlango, hubeba maana nzima mahali padogo, na humwezesha mtu kuchukua nadhiri yake hadharani ilhali walio karibu naye hawaijui.

Siri hiyo ndiyo haiba ya herufi hizi, na humo humo mna hatari, maadam mchoraji naye aghalabu hajui kuzisoma. Zipo karatasi zilizotundikwa madukani ambazo huioanisha kila herufi ya Kilatini na umbo moja la Kichina, mtu akapata kuandikiwa jina lake, ilhali Kichina hakina alfabeti na maumbo yale yakipangwa pamoja hayasemi neno lolote. Kuna herufi kugeuzwa kama katika kioo, na kuna kosa la nukta moja, kwani nukta ikiongezwa begani mwa herufi ya ukubwa hupatikana mbwa.

Mwaka 2019 Ariana Grande, mwimbaji wa Marekani, akitaka kuandikiwa jina la wimbo wake uitwao kwa pete saba, alichorwa kiganjani herufi mbili ambazo Wajapani, wanaotumia herufi hizo hizo za Kichina, huzisoma kuwa ni jiko dogo la mkaa la kuchomea nyama. Waliozijua wakamweleza, akaongeza herufi ya kidole, na bado maneno hayakukaa katika utaratibu wa Kijapani.