Ndege zilizofika Kalemie kwa treni: siku moja Brussels na rafiki yangu



Wengi wetu tukisikia makumbusho ya Ubelgiji yanayohusu Kongo, tunafikiri Tervuren tu: vinyago, ngoma na tembo aliyekaushwa. Lakini historia ya reli na ndege za kwetu imetawanyika mahali pengi Brussels, na mtu anaweza kuifuata kwa siku moja tu, Jumapili, akiwa na viatu vizuri na rafiki anayejua kuuliza. Mimi niliifuata na rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye, mtoto wa Kalemie. Babu yake alikuwa mtu wa reli ya CFL, ile ya Maziwa Makubwa. Mimi ni wa Lubumbashi, nimekulia karibu na reli ya BCK. Basi kila mmoja alikuwa na jambo lake la kutafuta.

Tulianzia kwenye bustani ya Cinquantenaire, ndani ya makumbusho ya jeshi. Kule kuna jumba moja refu sana, paa lake ni chuma na kioo, na ndani ndege zimejaa: Spitfire na Hurricane za vita ya pili, Dakota, F-16, hata Caravelle moja ya Sabena, nzima kabisa. Ukitoka nje unakutana na lile tao kubwa lililozinduliwa mwaka 1905. Sehemu ya pesa zilizolijenga zilitoka Kongo, wakati Léopold II alikuwa akiishika inchi yetu kama mali yake binafsi. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiingia pale asijione mugeni sana.

Mbele ya ile Caravelle tulizungumza juu ya Sabena. Kampuni hiyo ilianzishwa Mei 1923, na tangu mwanzo ilikuwa na macho kwa Kongo. Tarehe 12 Februari 1925 rubani Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels na wenzake wawili, Léopold Roger na Joseph De Bruycker, katika Handley Page ya injini tatu. Walitua Léopoldville tarehe 3 Aprili. Siku 51! Saa za kuwa hewani hazikufika hata 80. Siku zingine zote ni kungojea, kutengeneza na kutafuta njia. Huduma ya kawaida kati ya Brussels na Léopoldville ilianza miaka kumi baadaye, 1935. Thieffry mwenyewe hakuiona, sababu alikufa katika ajali ya ndege karibu na ziwa Tanganyika mwaka 1929. Na Sabena ilifilisika Novemba 2001.

Lakini Thieffry hakuwa wa kwanza kurusha ndege Kongo. Tangu 1920 kulikuwa ndege za majini zilizofuata mto kutoka Léopoldville kwenda juu, na mwaka 1921 zikafika Stanleyville. Njia hiyo iliitwa kwa jina la mfalme Albert, ikafungwa 1922. Na kabla ya hizo kulikuwa nyingine tena. Hapo rafiki yangu akacheka, akasema: «Mukubwa, unajua kwetu ndeke ya kwanza ilifika na treni?»

Si mchezo. Mwaka 1916, wakati wa vita ya kwanza, Wajerumani walikuwa Kigoma na meli yao kubwa, Graf von Götzen, iliyotawala ziwa lote. Wabelgiji waliazima kwa Waingereza ndege nne za majini aina ya Short. Sasa muone safari yake. Kutoka Matadi hadi Kinshasa, treni. Kutoka Kinshasa hadi Kisangani, mashua. Kisangani hadi Ubundu, treni. Ubundu hadi Kindu, mashua. Kindu hadi Kongolo, treni. Kongolo hadi Kabalo, mashua. Kabalo hadi Kalemie, treni tena, na kipande hicho cha mwisho kilikuwa kimemalizika mwaka 1915 tu. Ndege zilikuwa vipande ndani ya masanduku, na kila mahali pa kubadilisha, masanduku yalipita juu ya mabega ya watu. Kisha zikaunganishwa kando ya ziwa, zikaruka, zikaenda kutupa mabomu Kigoma. Rubani Aimé Behaeghe, anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuruka juu ya Afrika ya Kati, alikufa kwa ugonjwa Niemba mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Meli ya Wajerumani waliizamisha wao wenyewe walipokimbia. Waingereza wakaiinua baadaye, wakaipa jina Liemba, na watu wa Kigoma wanaijua mpaka leo.

Jina la rubani tunalo. Jina la meli tunalo. Aina ya ndege tunayo. Majina ya wale waliobeba masanduku?

Rafiki yangu aligusa ile chuma ya Dakota, akasema polepole: «Ona vile banaipakala rangi, iko sawa ilitoka mu fabrike jana. Nkambo yangu alitumika ku reli miaka makumi tatu, hata picha yake moya hatuna.» Sikuwa na jibu.

Mchana tulienda Woluwe, kwenye makumbusho ya tramu. Ni karakana ya zamani ya mwaka 1897, imejaa tramu za mbao na za chuma, tangu zile za kuvutwa na farasi. Jambo lililonishangaza ni kwamba watu wanaozitunza wengi wao ni wa kujitolea. Ni wazee waliostaafu na vijana wanaopenda vyuma, wanavaa kofia na mfuko wa tikiti kama zamani, na wikendi wanaziendesha kweli. Tulipanda moja yenye viti vya mbao. Dereva anazungusha mukono wa shaba, kengele inalia, na tramu inaingia ndani ya msitu wa Soignes mpaka Tervuren. Ni njia nzuri sana, miti pande zote mbili.

Sasa njia hiyo ilijengwa juu ya nini? Juu ya Kongo. Mwaka 1897 kulikuwa maonyesho makubwa ya dunia Brussels, na sehemu ya Kongo iliwekwa Tervuren. Barabara pana na njia ya tramu zilitengenezwa ili watu wafike kule. Na kitu kimoja walichokwenda kutazama kilikuwa watu: Wakongomani 267 walioletwa kwa meli, wakawekwa katika vijiji vya kuonyeshwa kando ya maji. Majira ya joto yale yalikuwa ya baridi na mvua. Saba kati yao walikufa.

Wamelazwa Tervuren, kando ya kanisa la Mtakatifu Yoane. Tulitembea mpaka pale. Mawe saba ya kaburi, mamoja kando ya mengine, karibu na ukuta. Rafiki yangu akasema: «Tuyasome kwa sauti.» Tukasoma. Vitabu vinayaandika majina hayo kwa namna mbalimbali, ila watu ni hawa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange.

Ndani ya makumbusho ya Tervuren, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018, kuna ukuta wa zamani wenye majina 1508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo wakati wa Léopold II. Msanii wetu Freddy Tsimba wa Kinshasa aliandika majina ya wale saba juu ya vioo vya madirisha mbele ya ukuta huo. Jua likiwaka, kivuli cha majina yao kinaanguka juu ya majina ya Wabelgiji. Kazi hiyo inaitwa Ombres, maana yake Vivuli.

Turudi kwenye reli. Njia ya Matadi–Kinshasa ilianza 1890 ikamalizika 1898, kilometa karibu 400. Hesabu ya serikali ya wakati ule inasema wazungu 132 walikufa, na weusi 1800. Angalieni zile namba mbili. Ya kwanza imehesabiwa mtu kwa mtu. Ya pili ni ya duara, kama mtu anakadiria magunia ya mihogo. Watu hao walitoka Kongo, Senegal, Sierra Leone, Barbados, hata Macao. Jina la Thys aliyeiongoza tunalo, na mji wa Mbanza-Ngungu uliitwa Thysville kwa miaka mingi.

Sisemi Wabelgiji wanakosea kutunza ndege na tramu zao. Wanafanya vizuri, na wale wazee wa Woluwe niliwaheshimu. Ninachosema ni kwamba chuma kitatunzwa na mwenye chuma, lakini mtu atakumbukwa na watu wake. Hakuna makumbusho ya Ulaya yatakayokuja Kabalo kuuliza nani alibeba masanduku, au Likasi kuuliza nani alikuwa mukanika mwaka 1952, wakati treni za umeme zilianza kwenda Tenke. Kazi ile njo yetu. Na wale wanaojua wanazeeka kila mwaka.

Ndiyo sababu ninaweka mbele ya chama pendekezo moja dogo. Kila mmoja wetu amtafute mzee mmoja wa reli, wa mashua au wa uwanja wa ndege, katika familia au katika kartie. Amuulize mambo matano: jina lake kamili, kazi yake, mwaka alioanza, alitumika wapi, na wenzake anaowakumbuka kwa majina. Simu inatosha kurekodi. Tuandike, tuweke pamoja, na nakala moja tuipeleke kwenye maktaba ya chuo.

Rafiki yangu amekwisha kuanza. Shangazi yake wa Kalemie, mwenye miaka 81, alimpa kwa simu majina kumi na manne ya watu waliotumika na babu. Kumi na manne, kwa simu moja. Wewe utaanza na nani?