Majina katika Vitabu vya Mabaraza ya Kale

Katika Kitabu cha Ezra, sura ya 2, twasoma habari za makuhani waliorudi kutoka Babeli, wakatafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone. Nao wakaondolewa katika ukuhani. Basi jina lisiloonekana kitabuni laweza kumnyima mtu haki yake.

Sheria ya mwaka 1929 iliyapa nguvu mabaraza ya wenyeji kuhukumu mashauri ya mashamba, mahari na madeni, na makarani wakayaandika. Sheria ya 1963 iliyaondoa, mahakama za mwanzo zikashika kazi yao. Vitabu vyao, popote vilipobaki, vyafaa kunakiliwa na majina kupangwa kwa alfabeti, kabla mchwa hawajavila. Lakini kwetu Uluguru kazi hiyo ina mitego mitatu.

Kwanza, maandishi ya jina. Stanley alipopita Morogoro mwaka 1871 aliandika “Simbamwenni”. Sisi twaandika Simbamwene. Mwenye kunakili asisahihishe neno. Aandike kama alivyoona, kisha katika faharasa aziweke namna zote mbili, hii ikielekeza kwa ile.

Pili, majina ya kurithi. Kingalu si mtu mmoja. Kila akaliaye kiti kile hupokea jina lile lile. Kwa hiyo kila jina liandikwe pamoja na mwaka na nambari ya shauri, tusije tukamdhania mjukuu kuwa ndiye babu.

Tatu, na huu ndio mtego mkubwa. Karani huandika “fulani bin fulani” kwa desturi ya pwani, akimtaja baba. Lakini Mluguru hupata lukolo lake kwa mama, na ardhi ya kale ni ya lukolo. Hivyo ndugu wa mama mmoja wenye baba mbalimbali huonekana kitabuni kama wageni, na wana wa baba mmoja wasio na fungu katika shamba moja huonekana kama warithi wenza. Hata miongoni mwa makuhani wale wa Ezra walikuwamo wana wa Barzilai, ambao baba yao alioa katika ukoo huo akaitwa kwa jina la ukweni.

Basi mwenye kunakili asiishie kwenye kichwa cha shauri, bali asome maneno ya mashahidi mpaka mwisho, kwa maana humo ndimo hutajwa mama, mjomba na kijiji. Wazee nao waulizwe. Lakini maneno yao yaandikwe mahali pake, yasichanganywe na ya kitabu. Hapo mjukuu ataweza kumwona bibi yake, na baraza la leo litajua lipi liliandikwa na lipi limesimuliwa.