Bakuli la China, Chungu cha Kilwa

Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alitia nanga Kilwa mwaka 1331. Miaka kama kumi na mitano baadaye akafika Zaitun, bandari ya China ambayo leo yaitwa Quanzhou. Macho yale yale yaliziona ncha mbili za biashara moja: kule bakuli zilikopakiwa, na huku zilikoteremshwa. Hata hivyo kitabu chake, alichomsimulia mwandishi Ibn Juzayy na kukamilika huko Moroko mwaka 1355, hakiziungi ncha hizo. Kazi hiyo ametuachia sisi.

Habari za China alizieleza kwa kirefu. Alitaja vyombo vya kauri vifinyangwavyo Zaitun na Guangzhou, vikasafirishwa hadi India na hata kwao Maghribi. Nchi aliiona njema, ila dini ya wenyeji ilimtia simanzi, akawa hatoki nyumbani isipokuwa kwa haja.

Kilwa moyo wake ulitulia. Aliuhesabu mji huu miongoni mwa miji mizuri, akausifia uchaji wa watu wake. Zaidi alimsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizozivaa akitoka msikitini siku ya Ijumaa, naye akazivua akampa. Mwana wa Sultani alizikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi. Sultani akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Hadithi hii husimuliwa ili tuvutiwe na ukarimu. Naam, lakini wale ishirini walitoka wapi? Msafiri mwenyewe asema kwamba Sultani alizoea kuvamia nchi ya Wazanji na kurudi na ngawira. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hapa mgeni na mwenyeji walipona wote wawili, na mtu wa tatu, asiyetajwa jina, ndiye aliyelipa.

Macho ya mgeni yana mipaka yake. Ibn Battuta aliona nyumba za mbao. Hakuandika neno juu ya Husuni Kubwa, kasri la matumbawe lenye vyumba zaidi ya mia moja, lililojengwa juu ya jabali litazamalo bahari. Neville Chittick alipochimba Kilwa, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, alikuta humo vigae vya kauri ya China. Nasi watu wa pwani twajua jinsi kauri ilivyoenziwa: makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipachikwa sahani za Kichina, kana kwamba marehemu ameandaliwa karamu isiyokwisha.

Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, mchimbuzi wa Kiingereza, alidai kwamba tangu karne ya kumi historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri ya China. Kauli hiyo ni tamu, na ina ukweli wake, kwani bakuli la kijani kutoka Longquan humsaidia mchimbuzi kukadiria umri wa tabaka la udongo. Lakini kalenda si historia. Vigae vilivyo vingi kuliko vyote Kilwa ni vya vyungu vya udongo wa papa hapa, vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchomwa motoni. Vya ng'ambo ni sehemu ndogo tu. Bakuli la China liliandaliwa mbele ya wageni. Chungu kilipika kila siku, kwa bwana na kwa mtumwa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatajwa kuwa hatarini mwaka 2004, yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014. Wageni wanavuka kwa dau kutoka Kilwa Masoko, na kigae cha kijani kinachometa mchangani huwavutia kwanza. Waache wakitazame, wakiache palepale. Kisha aliye mwenyeji awaonyeshe kile cheusi kilicho kando yake, chenye masizi, awaambie: hiki nacho kina habari za kusimulia, tena za watu wengi zaidi.