Mzee wa Mtaa wa Kipata

Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alileta askari wa kukodi kutoka Inhambane, Msumbiji, waje kumpiga Abushiri bin Salim aliyewatoa jasho Wajerumani pwani. Hapa waliitwa Wazulu, ingawa wengi wao walikuwa Washangaan. Mmoja wao alikuwa Sykes Mbuwane. Mwanawe, Kleist, alizaliwa Pangani mwaka 1894, katika mji uleule ambao baba yake aliletwa kuutiisha.

Mtoto huyo wa askari wa kukodi ndiye aliyekuwa katibu wa African Association ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1929, Cecil Matola akiwa rais. Mimi sioni ajabu. Mzaramo alikuwa na shamba la babu yake na jumbe wa kumsemea. Kleist, karani wa reli, hakuwa na chifu Tanganyika nzima. Jirani zake mjini walikuwa Wamanyema, Wanubi na watu wa kila kabila, nao Waingereza waliwatawala watu kwa makabila. Kwa mtu kama huyo, jina "Mwafrika" ndilo lililokuwa kwao.

Kabla ya kufariki mwaka 1949, Kleist aliandika maisha yake mwenyewe. Hapo TANU, chama cha uhuru kilichotokana na African Association, kilikuwa bado miaka mitano kuzaliwa. Mjukuu wake Daisy, binti wa Abdulwahid, aliuchukua mswada huo alipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1973 makala aliyoandika kutokana nao ikatoka katika kitabu alichohariri John Iliffe.

Hata hivyo, Chuo cha Kivukoni kilipotoa historia ya TANU mwaka 1981, wazee hawa wa mjini, Kleist na wanawe Abdulwahid na Ally, hawakupewa nafasi yao. Na kadi za TANU zipo: ya kwanza ya Julius Nyerere, ya pili ya Ally Sykes, ya tatu ya Abdulwahid. Mwaka 1998 Mohamed Said alichapisha kitabu kizima kulalamikia pengo hilo. Yeye anasisitiza dini, kwamba walikuwa Waislamu. Mimi naona pia ugeni wao uliwaponza, kwa kuwa taifa jipya lilitaka mashujaa wenye kijiji cha kuonyesha. Kosa hilo lirekebishwe katika vitabu vya shule.

Mtaa wa Kipata, alikoishi mzee huyo, leo unaitwa Kleist Sykes.