Nani Kasema Hakikutokea Kitu?

Wako watu ambao hadi leo ukiwatajia tatizo la kompyuta la mwaka 2000 hucheka. Husema tulitishwa bure: saa sita ya usiku ilipita, taa hazikuzimika, ndege hazikuanguka. Leo nataka niwajibu.

Chanzo kilikuwa ubanaji wa nafasi. Kadi za kutobolewa zilizolishwa kompyuta za zamani zilikuwa na nafasi 80 tu, na kumbukumbu ya mashine ilikuwa ghali mno. Kwa hiyo mwaka 1965 uliandikwa 65 basi. Hiyo 19 nani asiyeijua? Hao siwalaumu. Nawalaumu walioendelea na mtindo huo hadi miaka ya 1990, karne ikiwa ukingoni.

Chukua mama aliyezaliwa mwaka 1965. Mwaka 1999 kompyuta ilitoa 65 katika 99, ikapata miaka 34. Mwaka uliofuata ukaandikwa 00. Sasa 00 utoe 65, unapata nini?

Hesabu ya umri ndiyo iliyowaponza kina mama wa Sheffield na sehemu za jirani, kule Uingereza. Maabara ya hospitali mjini humo ilitumia kompyuta kukadiria, kwa vipimo vya damu ya mjamzito pamoja na umri wake, uwezekano wa mtoto kuwa na hali ya Down. Umri ukiwa mkubwa, uwezekano huongezeka. Tangu Januari 2000 programu ikawa inakosea umri, na wanawake zaidi ya 150 wakapewa majibu yasiyo sahihi. Kosa likagunduliwa Mei, wakati magazeti yalishasahau habari zote za mwaka 2000. Mimba nne kati ya hizo zilikuwa za watoto wenye hali hiyo, na wazazi wao walinyimwa nafasi ya kujua mapema.

Kwingine kulikuwa kimya kwa sababu mafundi walikesha, tena kwa miaka. Hata hivyo, si kila programu iliandikwa upya. Nyingine zilitiwa kiraka tu: kuanzia 00 hadi 29 isomwe karne hii, na 30 hadi 99 isomwe karne iliyopita. Kwa programu ya namna hiyo, bibi wa mwaka 1929 akiandikwa 29 bado hajazaliwa.