Nemo Kupanda Hanang: Malisho Kwanza, Samaki Baadaye

Wadau, tangu ile katuni ya Nemo itoke mwaka 2003, kila mwenye sebule nzuri ameshawahi kuuliza: hivi yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe anafugika nyumbani? Anafugika, na anazaa kabisa. Ila kama uko Katesh au Mbulu mjini, huku bahari iko mamia ya kilomita, ngoja kwanza nikupe historia. Imejengwa na hasara za watu ambao wengi wao hatutawajua majina.

Zamani karibu kila Nemo aliyeonekana kwenye tangi la kioo alikuwa amenaswa kwenye matumbawe. Mzamiaji anashuka na kijavu, samaki anatiwa kwenye mfuko wa plastiki, safari inaanza. Wengine walifika, wengine wakafia njiani. Waliofika walitaga bila shida. Jozi inasafisha kigae au chungu cha maua, jike anataga, dume anapepea mayai kwa mapezi. Baada ya wiki moja hivi, giza likishaingia, vifaranga wanaanguliwa. Sherehe! Siku chache baadaye, wote wamekufa.

Kisa ni njaa. Kinywa cha kifaranga wa Nemo ni kidogo mno, na chakula cha samaki cha dukani hakipiti, hata ukisage vipi.

Jibu lilitoka Japani, tena mahali ambapo hakuna aliyelitafuta. Kwenye miaka ya 1950, wafugaji wa mikunga kule walisumbuliwa na kidudu kidogo sana kiitwacho rotifa, kilichokuwa kinavamia mabwawa yao. Walikiona ni balaa. Miaka ya 1960 wenzao wakagundua kwamba balaa hilo ndo chakula chenyewe: kinaenea kwenye kinywa cha kifaranga wa samaki wa bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kule Florida, Marekani, Nemo waliozaliwa kwenye matangi wakaanza kuuzwa.

Hapa mfugaji wa Kibarabaig wa Hanang ananielewa haraka kuliko mtu wa Dar. Hakuna anayeleta ng'ombe ndo aanze kuuliza majani yako wapi. Wataalamu wa Nemo walichukua miaka mingi kujifunza jambo ambalo mchungaji analijua toka utotoni.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, anza na malisho. Otesha mwani ule mdogo usioonekana kwa macho, ulishe rotifa kwa mwani huo, na uhakikishe wanazaliana wiki hadi wiki bila kukatika. Rotifa ni chakula cha siku za kwanza, kisha vifaranga wanahamia artemia. Wakivuka wiki mbili, wameanza kupata mistari yao, unaweza kupumua.

Jozi isikuumize kichwa. Mwaka 1977 watafiti walionyesha kwamba Nemo wote huanza upande wa kiume, halafu mbabe wa kundi ndo anageuka jike. Chukua wadogo wawili, watapangana wenyewe. (Ndiyo, kwa hesabu hiyo baba yake Nemo angegeuka mama. Katuni ilituficha hilo!)

Sasa chumvi. Najua kuna mtu ameshaanza kupiga hesabu: Balangida si iko hapo chini ya mlima? Acha kabisa. Maji ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa yana magadi, na mchanganyiko wake wa madini si wa bahari. Perege wa Ziwa Manyara na Eyasi ameumbwa kuyavumilia, Nemo hapana. Tumia chumvi maalumu ya matangi, ile inayotengenezwa viwandani tangu miaka ya 1960. Lita moja inataka gramu 35 hivi, kwa hiyo tangi la lita 100 ni kilo tatu na nusu. Ya kupikia haifai.

Halafu baridi. Maji yanatakiwa yakae kwenye nyuzi 26 hivi, na Mbulu ya Juni unaijua mwenyewe. Hita ni lazima, na siku umeme ukikatika uwe na mpango wa pili.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu jozi ikifa kwako, utanunua nyingine, na ikiwa aliyekuuzia anategemea mzamiaji, kuna mwamba mahali umepungukiwa tena. Nemo aliyezaliwa kwenye tangi hajampokonya mtu bahari. Muulize muuzaji kazaliwa wapi kabla hujatoa hela.

Haya, watu wa Katesh, Haydom na Dongobesh, nani yuko tayari kufuga rotifa kwanza? Tiririka hapo chini.