Zerografika (Tillandsia xerographica)

Zerografika ni mmea wa jamii ya mnanasi (Bromeliaceae) unaoota juu ya matawi ya miti katika misitu mikavu ya Guatemala, Honduras, El Salvador na kusini mwa Meksiko. Majani yake ni ya rangi ya fedha iliyofifia, mapana shinani na membamba kuelekea ncha, nayo hujikunja kama maranda yanayotoka chini ya randa ya seremala. Hauna udongo wala chungu. Hata kusema kwamba umepandwa nyumbani si sawasawa, kwa kuwa haufukiwi popote: huwekwa juu ya rafu au kigogo, au hutundikwa kwa uzi dirishani.

Jamii hii karibu yote ni ya bara la Amerika. Spishi moja tu, Pitcairnia feliciana, huota yenyewe nje ya bara hilo, kwenye miamba ya Guinea, Afrika Magharibi. Mnanasi wenyewe ulifika Afrika kwa mikono ya watu. Lakini mnanasi hunywa kwa mizizi kama mmea mwingine wowote wa shambani, ilhali mizizi ya zerografika kazi yake ni kushika tawi. Wala haunyonyi chochote kutoka kwenye mti unaoubeba.

Jenasi ya Tillandsia ilipewa jina na Linnaeus kwa kumkumbuka Elias Tillandz, daktari na mwanabotania wa karne ya 17 aliyefundisha Turku, nchini Ufini. Husimuliwa kwamba Tillandz alichafukwa na bahari vibaya sana akivuka kwenda Stockholm, hata akaamua kurudi kwa nchi kavu akiizunguka Ghuba ya Bothnia yote. Linnaeus alidhani mimea hii nayo inachukia maji. Alikosea, ingawa si kwa mbali: inayapenda maji, mradi yapite yaende zake. Spishi hii ilielezwa na Otto Rohweder mwaka 1953, na jina lake limeundwa kwa maneno ya Kigiriki ya “kavu” na “kuandika”.

Weupe wa majani ni vigamba vidogo mno vilivyoyafunika kote. Yakimwagiwa maji, vigamba hivyo hulala bapa na kuyavuta ndani, na jani lililokuwa la kijivu hugeuka kijani mbele ya macho. Yakikauka, vigamba husimama tena na kurudisha nyuma sehemu ya mwanga wa jua. Isitoshe, zerografika hufungua vitundu vyake vya hewa usiku na kuvifunga mchana ili isipoteze maji kwa joto. Ndiyo maana humwagiliwa asubuhi. Jani linalolala na tando la maji juu yake haliwezi kuvuta vizuri hewa ya kaboni linayoihitaji usiku ule.

Ndani ya nyumba, mmea huu huuawa na maji yaliyotuama mara nyingi kuliko kiu. Huchovywa kwenye beseni kwa dakika chache, takriban mara moja kwa wiki. Mahali penye unyevunyevu mwingi hupunguziwa, na penye hewa kavu huongezewa. Maji ya mvua ndiyo bora. Baada ya hapo ugeuzwe kichwa chini na kukung'utwa: matone yataendelea kudondoka kutoka katikati ya majani muda mrefu baada ya mtu kudhani yamekwisha. Uachwe hivyo hivyo penye upepo, uwe umekauka kabisa ndani ya saa nne hivi. Maji yakibaki kwenye kiini, uozo huanza ndani bila dalili ya nje. Siku moja mwenye mmea hugusa jani la kati, nalo likachomoka bila ubishi, kitako chake cheusi na chenye kuteleza. Hapo hakuna dawa. Kiu, kwa upande wake, hujitangaza mapema kwa majani kukunjamana kuliko kawaida, na kuchovywa kwa saa kadhaa huyarudisha.

Unahitaji mwanga mwingi, karibu na dirisha, ila si jua kali la adhuhuri kupitia kioo. Waya wa shaba usitumiwe kuutundika, maana shaba ni sumu kwa jamii hii. Wauza maua wa Ulaya na Marekani hupenda kuutia ndani ya tufe la kioo. Ni pambo zuri na makazi mabaya, hasa tufe likiwa na mdomo mwembamba usiopitisha hewa.

Hukua taratibu mno, na hiyo ndiyo sababu ya bei yake na ya kuvunwa porini kupita kiasi. Tangu mwaka 1992 umo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, hivyo hauvuki mpaka wa nchi bila kibali. Inayouzwa kihalali kwa wingi huzalishwa katika vitalu vya Guatemala. Mnunuzi aulize ulikotoka, na autilie shaka mmea mkubwa wenye makovu unaouzwa kwa bei ya kutupa.

Huchanua mara moja tu maishani, baada ya miaka mingi. Bua nene hupanda kutoka katikati likiwa na matawi ya rangi nyekundu na kijani-manjano, na maua madogo ya zambarau yanayochungulia humo. Bua hilo hudumu miezi kadhaa. Kisha mmea mama huanza kufa polepole, huku ukitoa machipukizi machache kati ya majani yake. Chipukizi lisibanduliwe mpaka lifikie angalau theluthi ya ukubwa wa mama. Na kwa kuwa mama huendelea kulilisha hata akiwa amenyauka nusu, wengi huliacha palepale hadi jani lake la mwisho likauke.